Saa Nane Usiku

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na kilichonifungia ni saa. Sina maana kwamba nilikosa muda. Nasema saa zenyewe: ile ya ukutani, ile ya simu, na ile niliyoiandika mwenyewe ndani ya programu fupi ambayo nusura initolee mama.

Mama anaishi Kibera, Laini Saba, si mbali na reli, katika nyumba ile ile niliyokulia. Mimi nilihamia Kawangware zamani, kwa sababu kodi ilinifaa na kwa sababu matatu za 46 hazikosekani. Jumapili nikiwa na nguvu naenda kwake kwa miguu: nashuka Naivasha Road hadi Ngong Road, nakatiza upande wa Jamhuri, halafu naingia Kibera. Nikiwa sina nguvu napiga simu.

Mama ana kisukari. Miezi michache iliyopita kliniki ilimbadilishia dawa, akapewa vidonge vya kushusha sukari, mara mbili kwa siku pamoja na chakula. Kadi iliandikwa kwa Kiingereza: 8 AM, 8 PM. Mama anasoma Kiswahili vizuri kuliko mimi, lakini mwandiko wa daktari kwa Kiingereza ni jambo jingine. Basi mimi, mtoto wa kompyuta, nikachukua ile kadi, nikaipiga picha, nikamwambia, "Mama, usijisumbue, simu itakukumbusha."

Jioni hiyo hiyo niliandika programu. Kila asubuhi ilimtumia ujumbe mmoja wenye saa zote mbili, kwa sababu ujumbe mmoja ni nafuu kuliko miwili, na mimi ni mbahili. Ujumbe ulisema: "Dawa zako leo: saa 8 asubuhi na saa 8 usiku."

Wewe unayezungumza Kiswahili nyumbani umeshaona kosa. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimeshinda kazini nikihesabu kwa saa ishirini na nne, nikachukua PM nikaandika usiku, nikachukua AM nikaandika asubuhi, namba nikaziacha zilivyo. Nilijaribu mara mbili, ujumbe ukafika, nikalala nikijisifu.

Mama aliposoma saa 8 asubuhi alicheka, kwa sababu saa hiyo haipo duniani. Akadhani nimeteleza kidole, akameza kidonge na chai yake kama kawaida. Lakini saa nane usiku ipo. Ni ile saa ambayo hata mbwa wa Laini Saba wamenyamaza. Akajiuliza kwa nini daktari atake mtu ameze dawa usiku wa manane, akajijibu kwamba dawa mpya zina mambo yake, na tena ujumbe umetoka kwa mwanawe. Akamwita kijana wa jirani amsetie kengele kwenye simu. Kijana akaseti 2:00 AM, kwa sababu saa nane usiku ndiyo hiyo. Kengele ikalia. Mama akaamka, akaangalia saa mezani, akaona 2:00, akageuza kichwani kama alivyofundishwa tangu utotoni, mbili kinyume chake nane, akameza.

Hakukosea hata hatua moja. Wala yule kijana hakukosea.

Siku tatu alimeza kidonge saa nane usiku tumboni hamna kitu, kisha kingine asubuhi saa mbili. Usiku wa tatu, kabla ya adhana ya alfajiri, alianza kutetemeka na kutoka jasho, akagonga ukuta wa mabati. Jirani ni mtu wa zamani, amewahi kuuguza mgonjwa wa sukari. Hakuuliza maswali. Alichemsha maji, akakoroga sukari vijiko vingi, akamnywesha. Mimi nilipigiwa simu mama akiwa tayari ameketi, nikafika na pikipiki nikiwa nimevaa viatu viwili visivyofanana. Kliniki, muuguzi alisoma ule ujumbe, akaniangalia, akauliza, "Nani alitafsiri hii?"

Nikasema ni mimi.

*

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama saa kwa jicho lingine, na nataka nikueleze nilichokiona.

Nikiwa mtoto, nyumba yetu haikuhitaji saa sana. Treni ya asubuhi ya kwenda mjini ilikuwa saa. Adhana kutoka upande wa Makina ilikuwa saa, hata kwetu tusio Waislamu. Taarifa ya habari ya Kiswahili ya KBC saa moja jioni ilikuwa saa ya ploti nzima, kwa sababu televisheni ilikuwa moja na sote tulijua ya nani. Halafu baba akanunua saa ya ukutani, ya plastiki, uso mweupe, namba kubwa nyeusi, mishale mitatu. Ndiyo iliyonifundisha kusoma saa. Baba alinionyesha hivi: ona mshale mfupi uko kwenye mbili. Sasa vuka upande wa pili wa uso. Umefika nane. Basi ni saa nane.

Sikushangaa. Mtoto hashangai. Nilidhani mshale una ncha mbili, moja ya Kiingereza inayoonekana na nyingine ya Kiswahili isiyoonekana, inayotokeza nyuma. Hadi leo nikitazama saa ya mishale naona ile ncha ya pili.

Kwa msomaji aliyekulia mbali: sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, si katikati ya usiku. Nairobi iko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima kuchomoza kwa jua hakupishani kwa zaidi ya kama nusu saa, na mchana na usiku karibu vinalingana. Mahali kama hapa, kuita saa ya kwanza baada ya jua kutoka saa moja ni akili ya kawaida kabisa. Waethiopia nao huhesabu hivyo. London hesabu hiyo isingewafaa, kwa kuwa jua la Desemba huko hutoka karibu saa mbili baada ya letu.

Sasa angalia bahati tuliyokuwa nayo. Tofauti yetu na saa ya kizungu ni saa sita kamili, na uso wa saa una kumi na mbili, kwa hiyo sita ni nusu ya duara. Mtu aliyeibuni saa ya mishale hakumfikiria mama yangu hata kidogo, lakini alimwachia njia: saa yake iko palepale, ng'ambo ya uso. Hakuna hesabu. Jicho tu linavuka.

Halafu zikaja namba.

Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton ya Marekani ilianza kuuza Pulsar, saa ya mkononi ya kwanza ya kidijitali kuingia sokoni. Ilikuwa ya dhahabu, bei dola 2,100, na ilikula umeme hivi kwamba ilikaa giza hadi ubonyeze kitufe ndipo namba nyekundu ziwake. Yaani ulihitaji mikono miwili kujua saa. Tukawahurumia matajiri. Lakini ndani ya miaka michache namba zikashuka bei, zikahamia kwenye skrini ya kijivu isiyokula betri, na mwaka 1989 Casio wakatoa F-91W, ambayo nina hakika umeivaa au ndugu yako ameivaa. Gramu 21. Betri ya miaka saba hivi. Bado inauzwa, halisi na bandia, na kwa maoni yangu ni kifaa kilichobuniwa vizuri kuliko simu yoyote niliyowahi kumiliki. Kila kitu kilichomo kina kazi. Hata ule mstari mwembamba wa buluu hausumbui.

Ila haina ng'ambo. Ukiona 2:00 kwenye F-91W, nane haiko popote. Lazima uifuate kichwani. Mama huweza, kwa sababu alijifunza kwa mishale kwanza. Anapoona 2 ya kidijitali nadhani bado anachora duara akilini na kuvuka. Mpwa wangu aliyekua na simu tupu hachori duara. Yeye anajumlisha sita kwa vidole, au anauliza, "Saa nane ya Kiswahili ama ya Kizungu?" Swali hilo baba yangu hakuwahi kulisikia maishani.

Na sasa naungama la pili. Ile saa ya mezani aliyoitazama mama usiku ule ni zawadi yangu. Nilimnunulia mwaka jana: uso kama kioo cha kujitazamia, namba nyeupe zinazoonekana kana kwamba zinaelea, haina fremu wala kitufe mbele. Nilipoiona dukani nilisema ndiyo hii, hiki ndicho kisasa. Saa ya baba ilikuwa imesimama, nikaiteremsha, nikaiweka mfukoni chini ya kitanda. Stima ya Laini Saba hupotea inavyotaka, na kila ikirudi saa ile nzuri huanza upya kwenye 12:00 na kupepesa hadi mtu aje kuiseti. Vitufe viko nyuma, vidogo kama punje za mtama, havina maandishi. Mama hakuwahi kulalamika. Alikuwa anangoja Jumapili nije.

*

Wiki moja baada ya mkasa nilichukua saa ya baba nikaipeleka kwa fundi saa hapa Kawangware. Anakaa chini ya mwavuli kando ya barabara, na meza yenye droo nyingi, lenzi jichoni, kopo la betri zilizokufa. Nilimwamkia, nikamwonyesha.

Aliigeuza, akaibonyeza, akasema, "Hii mashine imekwisha. Nakutolea, nakuwekea nyingine."

"Uso na mishale vitabaki?"

"Vitabaki. Mashine zote ni moja tu siku hizi, kijana. Ya elfu kumi na ya mia tatu, ndani ni ndugu."

Ana haki kwa kiasi kikubwa. Ndani ya karibu kila saa ya betri mna kijiwe cha kwatzi kilichochongwa kitetemeke mara 32,768 kwa sekunde moja. Kama unaandika programu, namba hiyo imeshakufanya utabasamu: ni mbili iliyozidishwa kwa mbili hadi kufika nguvu ya kumi na tano. Sakiti inagawa kwa mbili, inagawa tena kwa mbili, mara kumi na tano, inabaki tetemo moja kwa sekunde, na hilo ndilo linalosukuma mshale. Seiko walianza kuuza saa ya mkononi ya kwatzi Desemba 1969, nayo wakati huo ilikuwa na bei ya gari dogo. Leo kijiwe kiko kwenye kopo la fundi chini ya mwavuli.

Akiwa anabana mishale alinieleza jambo ambalo, kusema kweli, limenifundisha kuliko semina zote za usanifu nilizohudhuria. Nilikuwa nimemsimulia habari za mama. Akasema, "Wazee wengine huniambia niwawekee ya Kiswahili. Nazungusha tu hii nyuma, saa sita mbele. Wengine wanafanya wenyewe."

"Na wageni wakiangalia?"

"Wageni wana simu."

Nikakaa kimya. Nilikuwa na mpango wa wikendi mbili wa kutengeneza saa ya Kiswahili kwa kifaa kidogo cha kielektroniki, na mzee huyu aliifanya kwa kidole gumba.

Halafu nikatoa simu yangu nijaribu kufanya kama alivyosema. Inaniambia saa inawekwa na mtandao. Naweza kuzima, ndiyo, lakini nikiipeleka saa sita mbele, programu ya benki inakataa kufunguka, na ujumbe unajipanga ovyo. Saa ya simu si yangu. Ni ya minara na seva, mimi naazima kuitazama. Saa ya mia tatu yenye kigurudumu nyuma inamtii aliyeinunua. Kadiri kifaa kinavyokuwa cha kisasa, ndivyo kinavyojua wakati bila wewe, na ndivyo usivyoruhusiwa kukibishia. Ninaelewa sababu zake, nimeandika programu za aina hiyo mwenyewe. Lakini sikuwa nimewahi kuhesabu nani anaachwa nje.

Hebu tazama vitu vya nyumbani mwako. Vingi vina saa ndani na havikuonyeshi. Mwaka 2024, kama unaishi Kenya na unatumia mita ya tokeni, unakumbuka ule usumbufu wa kusasisha mita: badala ya tarakimu ishirini ulizozizoea, ulipewa mafungu matatu ya ishirini ishirini uyaingize kwa mpangilio. Katika ploti yetu watu walidhani ni mbinu ya kuongeza bei. Kumbe ni saa. Kila tokeni ilibeba namba ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, ili ile ile isitumike mara mbili. Namba hiyo ilipewa biti 24, yaani nafasi ya dakika 16,777,216, na dakika hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Dunia nzima, mita za mfumo huo. Mtu mmoja mahali fulani aliamua biti 24 zinatosha, na miaka thelathini na moja baadaye jirani yangu wa Kawangware akasimama gizani na tochi mdomoni, akibonyeza tarakimu sitini. Sikucheka. Nilimshikia tochi.

Au zile taa za sola za kulipia kidogo kidogo, ambazo M-KOPA walianza kuziuza hapa Kenya mwaka 2012. Hiyo nayo ni saa, ila inahesabu siku ulizolipia, na zikiisha inazima. Hata ujumbe wa M-Pesa, tangu 2007, umekuwa saa ya kubishania: "Nilikutumia saa nne, angalia hapo, 10:04 AM." Ona mtu anavyosema saa nne huku kidole kiko kwenye kumi. Tunavuka hivyo mara ishirini kwa siku bila kujua, mpaka siku moja mtu achoke, au awe mgonjwa, au atafsiri kwa pupa kama mimi.

Nilipekua kuona wenzangu wamefanyaje. Unicode wana hazina ya data inayoitwa CLDR, ambamo simu na tovuti nyingi huchota majina ya siku, miezi na namna ya kuandika tarehe kwa kila lugha. Kiswahili kimo, na kina maneno yake mazuri: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Lakini namba inayokaa pamoja na maneno hayo ni ile ile ya kizungu. Kuna hifadhidata nyingine, ya majira ya dunia, na humo Nairobi ina historia tamu: saa yetu haijakuwa saa tatu mbele ya Greenwich siku zote. Kuanzia 1937 hadi katikati ya 1942 ilikuwa mbele kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Dakika kumi na tano za wakoloni zimeandikwa humo kwa uangalifu, kompyuta zote duniani zinazibeba. Saa sita za bibi yangu hazimo.

Simlaumu mtu. Data hizo huandikwa na wanaojitokeza, na sisi hatukujitokeza na hoja hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kazi ya heshima. Maneno tulianza kuyatafsiri zamani. Saa tuliiacha kwa sababu kila mmoja wetu alijua kuvuka.

*

Basi nikakaa chini kuandika upya, safari hii polepole. Hesabu yenyewe ni mstari mmoja:

saa_ya_kiswahili = (saa + 6) % 12

Ikitoka sifuri, andika kumi na mbili. Nane inakuwa mbili, kumi na nne inakuwa nane, ishirini inakuwa mbili, usiku wa manane kamili unakuwa sita. Unaona wepesi wake? Ndiyo maana nilikasirika.

Ugumu uko kwenye yanayofuata. Kwanza "kasoro". Ikifika 7:45 hatusemi saa moja na dakika arobaini na tano, tunasema saa mbili kasoro robo, kwa hiyo programu inabidi iitazame saa inayokuja. Pili majina ya vipindi. Saa kumi na moja ni alfajiri au asubuhi? Mama anasema alfajiri hadi kuku washuke. Saa moja jioni, au saa moja usiku? Niliwauliza watu wanne kwenye kituo cha 46 nikapata majibu matatu. Hatimaye niliandika kama mama anavyosema, kwa sababu ni saa yake.

Tatu, na hili lilinikalisha macho: siku inaanza lini? Kompyuta hubadilisha tarehe saa sita usiku. Lakini ukihesabu kwa jua, usiku wa saa sita ni katikati ya kitu, si mwanzo wake. Wazee wa pwani, na Waislamu wa Makina hadi leo, siku yao mpya huingia jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwao ni huu unaotangulia Ijumaa. Watangazaji wetu, kukwepa ugomvi, husema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na mimi nadhani hakuna usemi wa wakati uliobuniwa kwa ustadi kuliko huo katika lugha yoyote ninayoijua. Nimeuweka kwenye programu. Mistari kumi na mbili kwa ajili ya neno moja, na sijutii.

Saa ya baba nilirudi nayo Jumapili ikiwa na mashine mpya. Mama aliifuta vumbi kwa kanga, akaitazama.

"Baba yako aliinunua Toi," akasema. "Aliambiwa ni ya Japani. Haikuwa."

"Niiseti vipi, mama? Kama zamani, ama ya Kiswahili?"

Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilidhani atasema ya zamani, kwa sababu ya baba.

"Weka ya Kiswahili," akasema. "Sitaki kuhesabu nikiwa mgonjwa."

Nikazungusha kigurudumu hadi mshale mfupi ukavuka uso mzima. Nikaitundika juu ya msumari ule ule. Ile ya kioo nimeichukua, iko hapa mezani kwangu Kawangware, inapepesa 12:00 tangu stima iliporudi juzi.

Ujumbe bado naendelea kumtumia, kwa sababu muuguzi alisema usiache, urekebishe. Kuna utafiti uliofanywa Nairobi na Kajiado, ukachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet, ambapo wagonjwa wa ukimwi walitumiwa ujumbe mmoja kila wiki unaouliza tu "Mambo?", nao wakajibu "Sawa" au "Shida". Waliopata ujumbe walizingatia dawa zao vizuri kuliko wasioupata. Sikuwa nimegundua mpaka sasa kwamba ujumbe ule haukutaja saa yoyote. Wangu unataja, lakini kwa maneno tu, bila tarakimu: "Mama, saa mbili usiku, baada ya kula." Na unakwenda mara mbili kwa siku, ubahili nimeuacha. Kabla ya kuufungulia, nilimsomea jirani yule wa chai ya sukari, nikamwuliza angefanya nini akiupata. Akanijibu kama vile namwuliza swali la kitoto.

Jana mtandao ulisumbua, ujumbe ukachelewa karibu saa nzima. Nilipiga simu mbio. Nyuma ya sauti ya mama nilisikia sufuria na televisheni ya jirani.

"Nimeshameza," akasema. "Wewe umekula?"